Tupeane uzoefu: Utafiti ulikusaidia kupata rezidensi ya usingizi (mafunzo ya ubingwa wa dawa za usingizi na ganzi) Marekani, au ni presha tu?

Nusu_Kaputi (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Kila Septemba ikikaribia PM zangu zinajaa swali lile lile: "Kaka, sina pepa (makala ya utafiti) hata moja, nikiomba usingizi Marekani nitaambulia kitu?" Tulimalizie hapa. Mlioingia, mliokosa, mnaosaili wengine, leteni yenu. Ila tafadhali, mseme mliyoyaona wenyewe, siyo ya "jamaa yangu mmoja".

Naanza mimi. Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari Marekani, ilipoacha kutoa alama Januari 2022 ikabaki kufaulu au kufeli, programu zilikosa chujio walilolizoea. Wakageukia Step 2 CK (mtihani wa pili), barua za mapendekezo, na kila kitu kingine kwenye fomu ya ERAS, mfumo wa kuombea rezidensi mtandaoni. Hapo ndipo hofu ya utafiti ilipopamba moto. Mtu anafungua ripoti ya NRMP, shirika linalooanisha waombaji na programu, anaona wastani wa machapisho ya waliopata nafasi, anakata tamaa. Kumbe ile namba imechanganya ikisiri, mabango, mawasilisho na makala kwenye kapu moja. Kazi moja ukiipeleka kwenye siku ya utafiti ya chuo, halafu mkutano wa kanda, halafu ikachapwa, tayari ni tatu. Usifikiri wenzako wanaandika makala kila wikendi.

Mimi nilisoma huku huku Marekani, na nilikuwa na ripoti ya mgonjwa mmoja tu: mama mwenye rovu kubwa lililosukuma koo pembeni, tukamwekea mrija wa kupumulia akiwa macho. Niliipeleka mkutano wa ASA, chama cha madaktari wa usingizi Marekani, kile kipengele cha wagonjwa wenye changamoto. Haikuwa sayansi ya kutisha. Lakini usaili karibu wote ulianzia hapo, maana ukimpa daktari wa usingizi stori ya njia ya hewa ngumu, hanyamazi. Wengine walisahau kuniuliza maswali yao mengine.

Bi_Oksijeni
Shikamoo wakubwa. Mimi nimesomea udaktari Tanzania, kwa hiyo hali yangu ni tofauti na ya mleta uzi, na wadogo zangu mliosoma nyumbani someni hapa taratibu.

Nikiwa hospitali ya mkoa nilifanya ukaguzi mdogo wa shinikizo la damu kwa akina mama wa upasuaji wa uzazi baada ya ganzi ya mgongoni. Ilikuwa kazi ya kalamu na mafaili. Kuna faili presha imeandikwa kabla ya sindano, halafu inayofuata ni ya wodini. Katikati pote patupu, na hapo katikati ndipo presha hushuka. Hayo matundu yenyewe ndiyo yakawa matokeo yangu makuu.

Haikuchapwa popote. Kwenye usaili kwa Zoom msaili mmoja akauliza kwa nini wote walipewa efedrini kupandisha presha wakati huku siku hizi wanaanza na dawa nyingine, fenilefrini. Nikamjibu, "Kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini." Akacheka, tukaanza kuongea vizuri: oksijeni ikikatika unafanyaje, oksimita (kipimo cha oksijeni cha kidoleni) ikiwa moja kwa vyumba viwili unampa nani. Hapo alishajua kuwa nimeshika wagonjwa.

Ila tusidanganyane. Kilichonikwamisha msimu wa kwanza ni kukosa barua ya daktari wa usingizi wa Marekani. Nikaingia idara moja kama msaidizi wa utafiti, bila mshahara, na bosi wa pale aliyeniona nikifanya kazi akaniandikia. Sisi tuliosoma nje ya Marekani, utafiti ndiyo njia halali ya kukaa karibu na watu wa kutuandikia barua.

Kijana_wa_Houston
Mimi sifuri. Hata bango sina. Step 2 nzuri, rotesheni (mazoezi ya wodini na theatre) ya mwezi kwenye idara niliyoitaka, nikifika kabla ya rezidenti kukagua mashine na kuvuta dawa. Signali zangu 5 za dhahabu (alama za kuionyesha programu kuwa unaitaka sana; za fedha ni za uzito mdogo) nikazitupa kwenye programu za hospitali za kawaida badala ya vyuo vyenye majina, zile 10 za fedha nikazisambaza. Nimepata. Acheni kutishana.

Nusu_Kaputi
@Kijana_wa_Houston hongera, lakini mwambie na mwenye pasi ya Tanzania asiye na rotesheni hata moja huku. Huyo akija na sifuri simwoni akipenya.

Daktari_Mgeni
Kwenye hiyo "msaidizi wa utafiti bila mshahara" muwe macho. Mimi nilisafisha data ya watu mwaka mzima, kodi nalipiwa na shemeji. Makala ikatoka, jina langu likawekwa kwenye shukrani, chini kabisa. Siku ya kwanza kabisa uliza: mimi nitakuwa mwandishi wa ngapi? Ukiona anakwepa, tafuta pengine.

Na wale wa Telegram wanaouza nafasi ya uandishi kwa dola, achaneni nao. Unanunua makala ya figo za panya, halafu msaili anakuambia "nieleze mbinu mliyotumia". Utamwambia nini?

Wambui_Theatre
Niaje wenzangu. Nyinyi mnaongea Marekani, mimi niko Kenya nangoja MMed, shahada ya uzamili ya udaktari bingwa. Huku sijasikia mtu amekataliwa kwa kukosa pepa. Tasnifu utaifanya ukiwa ndani, upende usipende. Kinachotukondesha ni kaunti ikupe ruhusa ya masomo, na karo itatoka wapi.

Mzee_wa_Laringoskopu
Nimesaili waombaji kwa misimu kadhaa, programu ya kati, siyo ya majina makubwa. Kwenye orodha ya machapisho huwa nachagua moja tu na kuuliza: wewe, kwa mikono yako, ulifanya nini? Anayesema "nilipitia mafaili, nikagundua tumeandika muda vibaya, tukarudia" tunaelewana. Anayenisomea ikisiri kwa kichwa, namshukuru tunaendelea. Programu zenye njia maalumu ya watafiti, kama FARM ya Stanford, hizo ni habari nyingine. Kule bila utafiti wa kweli usipoteze signali.

Mtoto_wa_Tanga
Shikamooni. Samahani wakuu, nina swali. Step 2 bado sijafanya, na nimepata nafasi ya utafiti wa mwaka mmoja. Niende?

Mzee_wa_Laringoskopu
Marahaba mwanangu. Fanya Step 2 kwanza. Waambie wakusubiri, na uwaulize hiyo nafasi ina mshahara au la.

Daktari_Mgeni
Na jina lako litakaa wapi. Akujibu kwa barua pepe, siyo kwa mdomo.