Mhasibu mstaafu nimekuwa mhazina wa usharika: nianzie wapi?

Mhazina Mpya
Bwana asifiwe wapendwa. Nimestaafu uhasibu, na mkutano mkuu wa usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) umenichagua kuwa mhazina. Tuna mitaa 3 na ibada 2 kila Jumapili. Nimekuta daftari moja: sadaka, ahadi, jengo na mnada vyote kwenye safu moja. Naomba ushauri: nianze na nini? Ahadi ambazo hazijalipwa niziingize kwa wadaiwa kama tulivyozoea ofisini? Na sadaka za simu?

Mzee wa Hesabu
Shikamoo mzee, na hongera kwa utumishi. Kabla hujapokea ufunguo wa kasha, fanya makabidhiano ya maandishi: fedha taslimu ihesabiwe mbele ya mchungaji na wazee 2, salio la benki la siku ileile, hundi ambazo hazijatumika, na namba za vitabu vya stakabadhi, cha kwanza hadi cha mwisho. Kitabu kisichoonekana kiandikwe hapohapo kuwa hakionekani. Usipofanya hivyo, mwakani kitatafutwa kwako.

Jambo la pili ni gumu kwa mhasibu: usihesabu sadaka wewe. Washarika watasema "mzee ni mtaalamu, tunamwamini", watakuachia mfuko na kwenda nyumbani. Kataa kwa upole. Wahesabu watu 3 wasiotoka nyumba moja, mfuko ufunguliwe wote wakiwa mezani, na zamu ibadilike kila mwezi. Karatasi ya kuhesabia iwe na safu tatu: aina ya noti au sarafu (10,000, 5,000, 2,000, 1,000, 500 na kushuka), idadi, jumla. Jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa kalamu ya wino. Nakala ya kaboni ibaki kitabuni. Wewe unapokea fedha iliyokwisha kusainiwa, unakata stakabadhi, basi.

Fedha yote iende benki Jumatatu bila kupunguzwa. Fundi wa spika akidai 30,000 baada ya ibada, asilipwe kutoka kwenye kapu. Weka fedha ndogondogo za kiwango kimoja, tuseme 100,000: wakati wowote, taslimu ikijumlishwa na risiti lazima ifike 100,000 kamili.

Mkaguzi wa Mtaa
Nijibu la ahadi, maana hapo wahasibu wengi wazuri hukosea. Ahadi si deni. Mtu ameahidi mbele za Mungu. Akifiwa au mazao yakikauka, huna ankara ya kumpelekea. Ukiiingiza kwa wadaiwa, mapato yako yataonekana makubwa, baraza litapitisha bajeti juu yake, na ifikapo Oktoba mwinjilisti hana mshahara. Tumia msingi wa fedha taslimu, yaani andika mapato fedha ikishapokelewa tu. Ahadi ziwe na rejesta yake pembeni, kwa namba za bahasha: ahadi, iliyotolewa, iliyobaki. Jina na namba vikutane kwenye orodha moja tu iliyofungiwa. Tafadhali sana, kiasi cha mtu kisisomwe kanisani wala kubandikwa ubaoni.

Bahasha ikifunguliwa na ndani kuna 8,000 wakati juu imeandikwa 10,000, andikeni 8,000 kwa wino, wahesabu wawili wasaini juu yake, na bahasha tupu itunzwe hadi robo mwaka ikaguliwe.

Mnada ni tofauti. Aliyechukua jogoo kwa 25,000 na kusema "nitaleta Jumapili" ameondoka na mali ya kanisa, huyo ni mdaiwa kweli. Karani wa mnada aandike kitu, bei, mnunuzi na kilicholipwa palepale.

Mama Leja
Sadaka za simu: namba ya malipo iwe kwa jina la usharika, kamwe isiwe simu ya mhazina au mchungaji. Andika kiasi kamili alichotoa mtu, kisha makato uyaandike kama matumizi. Ukiandika kilichobaki baada ya makato, taarifa ya mtandao wa simu na kitabu chako havitakubaliana hata siku moja.

Kitabu kiwe na safu za mifuko: matumizi ya kawaida, jengo, diakonia (huduma kwa wahitaji), na amana. Kolekti maalumu ya dayosisi iingie kwenye amana, kwa kuwa si mapato yenu, ni mzigo wa kupitisha tu. Mishahara ikikopa kutoka jengo, kuwe na uamuzi kwenye muhtasari wa baraza, na deni lionekane kwenye taarifa mpaka lirudishwe.

Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha kitabu chako na taarifa ya benki, ufanyike kila mwezi. Mfano: benki inasema 5,190,000. Toa hundi mlizotoa ambazo hazijawasilishwa benki 450,000, ongeza fedha mliyopeleka ambayo benki bado haijaiingiza 120,000, unapata 4,860,000. Kitabu kinasema 4,874,000; tofauti ya 14,000 ni ada za benki ambazo hujaziandika. Ziandike, vilingane.

Mhazina Mpya
Asanteni sana. Watia saini wa benki bado ni wa baraza lililopita. Nianze kulipa kwa saini zao?

Mzee wa Hesabu
Hapana, mzee. Peleka benki muhtasari wa uteuzi wenye mhuri, na vitambulisho vya watia saini wapya, malipo yoyote yawe na saini 2. Mpaka benki ithibitishe, pokea na kuweka tu. Na usikubali kuachiwa hundi tupu zilizokwisha kusainiwa.