Mjusi asiye na miguu: namtofautishaje na nyoka?

Swali: Wakuu, huku Uingereza nikimkuta Anguis fragilis, huyo mjusi asiye na miguu, chini ya bati bustanini, nitajuaje si nyoka? Na ule mwiba alioutaja Shakespeare?

Jibu: Tazama jicho. Akipepesa, ni mjusi. Nyoka hawezi kufumba macho. Kisha ulimi: huyu hufunua mdomo kidogo ndipo autoe, nyoka huupitisha mdomo umefumbwa. Usimshike mkia, utakatika, na unaoota tena huwa kigutu tu.

Jibu: Naongezea, magamba ya tumboni ni madogo kama ya mgongoni, ya nyoka wengi ni mapana. Wachawi wa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, wanautia chunguni mwiba wake, ila hana mwiba wala sumu. Rudisha bati taratibu. Anakula konokono wasio na kombe, faida kwa mboga zako, na sheria ya wanyamapori ya huko ya 1981 inakataza kumuua.

Muulizaji: Shukrani, wakuu.