Pachi ya Linux kwa imeli inakataliwa, nakosea wapi?

kijana_wa_kodi: Wakuu naombeni msaada. Nimerekebisha kosa dogo kwenye kerneli (kiini) ya Linux, nikakopi diff, yaani mistari niliyobadilisha, nikaipesti kwenye Gmail ya brauza nikatuma, nimejibiwa eti pachi (hayo marekebisho yangu) imeharibika haiingii. Kwani hawapokei kwa GitHub?

fundi_terminali: Mkuu hiyo Gmail ya brauza ndo imekuponza, inageuza tabu kuwa spesi na kukata mistari mirefu, sasa pachi ikishaguswa hivyo git am, ile amri ya kuingiza pachi, inagoma kabisa. Fanya git commit -s ikuwekee Signed-off-by (mstari wa sahihi yako), halafu git format-patch -1 utapata faili, iendeshee scripts/get_maintainer.pl ikutajie wa kuwatumia, ndo upige git send-email. Jitumie mwenyewe kwanza uone imefikaje. Na ukituma na send-email kupitia Gmail, paswedi yako ya kawaida wataikataa, tengeneza ile maalum ya app.

mama_git: GitHub kodi ipo ila ni nakala tu, pull request (maombi ya kuingiza kodi) hawachukui. Mi imeli naipenda sana aisee, mtu ananukuu mistari yako miwili anakuandikia swali hapo hapo chini yake na wewe unajibu hapo hapo, usijibu juu ya meseji nzima watachukia. Ukirekebisha tuma na -v2 (toleo la pili), ulichobadilisha kiandike chini ya ule mstari wa --- ndani ya faili ya pachi, hakitaingia kwenye historia ya git.

kijana_wa_kodi: Nimejitumia, git am imekubali! Tabu zote zipo. Natuma v2 sasa hivi, asanteni sana.