Mjadala: Kituo kisicho na mtu kikikwambia "leta nikushike", unaachia usukani?

Nahodha_Kando: Wadau, tuseme chombo chenye watu wanne kimefika kwenye kituo cha angani ambacho ndani hamna hata mtu mmoja. Kituo kinasema chenyewe: taa nimewasha, nakuona, usiguse kitu, nitakuleta mpaka mlangoni, hewa ipo, mafuta nitakujazia. Ukarimu wote huo bila kuombwa! Msimamo wangu: nahodha akatae, atie nanga kwa mkono wake. Mnasemaje?

Fundi_Vali: Mkono upi, mkuu? Juni 25, 1997 Progress, chombo cha mizigo cha Urusi cha tani kama 7, ililetwa kwa mkono, kwa TORU, mfumo wa kuiendesha kwa mbali kutoka kituoni. Ikaigonga Mir, kituo cha angani cha Urusi, na moduli (chumba chake kimoja) ya Spektr ikatoboka. Kurs, rada ya kuongoza chombo kijiunge chenyewe, ilikuwa imezimwa makusudi. Tsibliyev, kamanda wa Mir aliyekuwa akiiendesha, alibaki na picha ya televisheni, na kwenye picha hiyo Mir ilikuwa inapotelea kwenye mawingu ya dunia. Hakuwa na namba ya umbali wala ya kasi. Siku hiyo mashine haikukosea, ilinyimwa kazi.

BintiShela: Samahani, "atie nanga" ndiyo nini? Nanga hutiwa nje, chombo kikingoja zamu. Kikifika ukutani kikafungwa kamba, kimefunga gati.

Nahodha_Kando: Dada, ulielewa au hukuelewa? Usinifundishe Kiswahili kwenye mada ya anga.

BintiShela: Nilielewa, ndiyo maana nimeuliza. Neno lako limekuficha jambo. Chukua vyombo viwili vya Marekani vinavyokwenda kituo cha kimataifa, ISS. Dragon hujiendesha yenyewe mpaka inagusa. Cygnus haigusi: inasimama mita kama 10 chini ya kituo, inazima injini zake ndogo, halafu Canadarm2, mkono wa roboti wa kituo wa mita 17 na ushee, unainyakua na kuipachika. Ya kwanza imefunga gati. Ya pili imebebwa na winchi kama kontena. Sasa kituo chako kinachosema "leta nikushike" ni cha aina ya pili, na huko usukani umeshauzima mwenyewe kabla hujashikwa. Unabishania kitu ambacho hakipo tena mkononi.

Kurunzi: Kama kontena 😂 Mleta mada kapachikwa.

Nahodha_Kando: Chekeni. Hiyo mashine mnayoisifu, Julai 29, 2021 moduli ya Nauka ya Urusi ilikuwa imeshaunganishwa na ISS kwa saa tatu nzima, programu yake ikawasha injini kana kwamba inajitoa. Kituo chenye watu 7 kikageuzwa nyuzi 45.

Fundi_Vali: 45 ni ya taarifa ya kwanza. Baadaye walisema 540, yaani mzunguko mmoja na nusu. Injini za Zvezda, moduli nyingine ya kituo, kisha za Progress iliyokuwa imeunganishwa hapo, zilisukuma upande wa pili kuizuia.

Nahodha_Kando: Kwa hiyo umenisaidia mara 12. Ahsante.

Kurunzi: Shaka nayo huponza. Gemini 8, chombo cha Marekani, Machi 1966, wanaanga Armstrong na Scott. Agena, chombo walichojiunga nacho angani, haikuwa na mtu, na kutoka ardhini walionywa mapema: ikifanya wazimu tuma amri ya 400, izimeni. Chombo kikaanza kujizungusha, wakaishuku Agena, wakajitoa. Mzunguko ukazidi, karibu mmoja kwa sekunde! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako: injini namba 8 ya chombo chao ndiyo iliyokwama wazi, na uzito wa Agena ndio uliokuwa unapunguza kasi. Armstrong alizima mfumo mzima akatumia injini za kurudia duniani. Ukishazigusa hizo, safari imeisha. Walikuwa majini Pasifiki kabla ya saa 11 kutimia tangu waruke.

Nahodha_Kando: Walipona kwa mkono. Umeandika mwenyewe.

Kurunzi: Sijaukataa mkono. Nimesema shaka yao ilielekea pasipo. Soma.

Mzee_wa_Gati: Wanangu, bandarini rubani hupanda na kumwelekeza nahodha, lakini dhamana ya meli inabaki kwa nahodha. Yule rubani yumo melini, mkizama mnazama wote. Kituo kisicho na mtu hakizami na wewe.

Fundi_Vali: Sawa mzee, lakini rubani pia huumwa. Agosti 24, 2019 Soyuz MS-14, chombo cha Urusi, ndani roboti Fedor tu, ilishindwa kuunganishwa na Poisk, moduli ya ISS. Ubovu ulikuwa kwenye kikuza mawimbi cha Kurs upande wa KITUO. Chombo kikarudi nyuma. Wanaanga waliihamisha Soyuz nyingine, MS-13, kwa mkono kutoka Zvezda, na MS-14 ikaingia hapo Agosti 27.

Nyie mmeng'ang'ania usukani. Mimi ningeuliza kulabu ni za nani. Pete ya kunasa na kulabu zinazokaza ziwe upande wa chombo, kwa sababu anayekaza ndiye anayeachia. Soyuz ina hata baruti za kukatia kulabu zikigoma. Na njiani udai vituo vya kusimama. Dragon inavyo mita 400, 220 na 20, na popote hapo inaweza kurudi nyuma. Kugusa kwenyewe ni chini ya sentimita 10 kwa sekunde.

BintiShela: Na mlango? "Hewa ipo" ni neno la mwenyeji. Jaza nafasi kati ya milango miwili kwa hewa yako, funga vali, tazama presha kama inashuka, ndipo usawazishe. Mlango wa sentimita 80, tofauti ya kilopaskali 1 tu ni kama kilo 50 zinausukuma. Kisha miwani na barakoa, maana vumbi na vyuma vinaelea. Feni zikiwa zimezimwa, kabonidioksidi unayoipumua inatuama mbele ya uso wako, haipandi wala haishuki.

Fundi_Vali: Kituo kikikupa umeme wa bure, usipitishe waya mlangoni. Spektr ilipotoboka, mlango haukufungika mpaka nyaya zilizopita hapo zilipokatwa na kuchomolewa, huku presha inashuka.

Nahodha_Kando: Sasa mbona wote mnakubaliana nami kwamba asikiamini?

BintiShela: Nani kakubali? Wewe ulisema atie nanga.