Mrejesho: utafiti wangu wa Namuwongo na Muyenga

Ndugu zangu, habari za siku. Mwezi wa tatu niliomba msaada: nasoma sosholojia mwaka wa mwisho, nachunguza pengo la maisha kati ya Namuwongo, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na Muyenga, mtaa wa matajiri, hapa Kampala, na kila niliyemuuliza kipato chake alinikwepa.

Asanteni sana. Kaka uliyesema nianze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mwenyekiti huyo alinitembeza mwenyewe siku ya kwanza, watu wakaacha kunidhania mtu wa kodi. Na dada uliyeshauri nifute swali la mshahara niulize matumizi ya jana, hilo ndilo lililookoa kazi yangu. Mtu hakwambii anapata shilingi ngapi, ila madumu mangapi ya maji alinunua na makaa ya bei gani, anakueleza bila kusita. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 1997 kwa mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, lakini akina mama walinihesabia sare, madaftari na chakula cha mchana, kimoja kimoja. Mmoja alilia. Nilifunga daftari tukakaa tu.

Muyenga sikufaulu. Barua ya chuo mliyonishauri nibebe haikuvuka walinzi wa getini. Katika nyumba 12, 2 tu zilinipokea. Kwa ushauri wa msimamizi wangu nimebakiza Namuwongo peke yake, na sababu nimeiandika wazi kwenye sura ya mbinu.

Atakayetaka kuhoji upande wa matajiri, atafute kwanza mtu anayefahamika mle ndani. Mimi nilichelewa.