Naomba ushauri: waya wa HDMI wa kufukia ukutani

Habari za jioni wakuu. Najenga hapa Uyole, Mbeya, na Jumatatu fundi anapiga lipu sebuleni. Nataka kufukia waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwenye TV. Kutoka amplifaya hadi TV ni mita 7. TV yangu ni ya 4K, inchi 55, HDMI 2.0 ya gigabiti 18 kwa sekunde inaitosha. Ila siku nikihamia TV ya 8K, yenye picha kali kuliko 4K, itataka HDMI 2.1, gigabiti 48, na waya wa shaba kwa umbali huo hausomi vizuri. Nimejaribu mmoja mrefu: picha inakatika sekunde mbili, inarudi. Roho inaniuma nikifikiria kuja kubomoa ukuta huu.

Nifukie waya wa faiba (unaopitisha data kwa mwanga) sasa, au nipitishe paipu tupu kwanza? Na kwenye kona, kichwa cha HDMI kinapita paipu ya ukubwa gani?