Rangi za mafuta kwenye kifaru cha plastiki: tapentaini au waiti spiriti?

Kifaru35: Wakuu, Jumamosi napita madukani hapa Dodoma. Kuyeyusha rangi za mafuta za tyubu nichukue tapentaini au waiti spiriti? Ipi inakausha haraka? Kifaru ni modeli ya kifaru cha vita, kipimo 1:35 (urefu wake ni 1/35 ya cha kweli).

Mzabibu: Maelezo hayatoshi, mkuu. Chini kuna rangi ya maji (akriliki) au enameli (rangi ngumu isiyo ya maji)? Vanishi umeshapiga? Rangi zenyewe zipi?

Nzuguni: Waiti spiriti isiyo na harufu. Tapentaini ya miti ni kali, hulainisha enameli. Soma lebo, maana tapentaini ya madini ni ndugu wa waiti spiriti. Halafu kukausha si kazi ya kiyeyusho. Chenyewe huruka mapema. Mafuta ya kitani ndiyo huganda polepole kwa kuvuta oksijeni. Kamua rangi juu ya kipande cha boksi, liache linyonye mafuta saa moja au mbili. Itakauka mapema, tena bila kung'aa.

Mzabibu: Kahawia za udongo zenye manganizi (madini yanayoharakisha kukauka), siku moja mbili tu. Nyeupe ya titani hesabu wiki.

Makole_B: Mafuta ya taa yanatosha, bei poa.

Nzuguni: Yanaruka taratibu na kuacha utando, vanishi ya juu haishiki. Ila balaa lenyewe ni thina ya magari. Kuna kifaru kilipakwa rangi iliyoyeyushwa kwa hiyo: rangi ya maji ilijikunja palepale, vichwa vya ribiti vikalainika, na ilipotuama kwenye ekseli plastiki ikapasuka. Hata waiti spiriti usiiache ituame kwenye viungo vilivyobanwa. Inyonye kwa ncha ya tishu. Kutia rangi kwenye mistari ya maungio, rangi sehemu 1, kiyeyusho 10. Gusa kwa ncha ya brashi, itakimbia yenyewe.

Kifaru35: Chini ni rangi ya maji. Vanishi bado.

Mzabibu: Basi vanishi ya kung'aa kwanza, ikae saa 24. Bila hiyo rangi inatapakaa na kuacha madoa.

Makole_B: Na vumbi la kipupwe?

Mzabibu: Funika kwa bakuli la plastiki angavu, liinue kwa njiti za kiberiti hewa ipite. Usifungie kabatini, giza linachelewesha.

Makole_B: Upepo wa huku utabeba bakuli na kifaru chake. Mafuta ya taa bado nayatetea.

Kifaru35: Spiriti ya duka la dawa je?

Nzuguni: Hiyo ni alkoholi, itang'oa rangi yote ya chini. Hivi, rangi za tyubu umenunua zipi? Hujajibu.